Sikio la Chumba cha Majaribio

Kiwandani walimwita Sikio, na jina hilo lilimkaa kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Kazi yake ilikuwa kupima vali, kile kifaa ambacho mzamiaji hukibana kwa meno ili apate hewa chini ya maji. Aliifunga kwenye mtungi wa hewa, akaitumbukiza ndani ya tangi la kioo, kisha akainamisha kichwa na kusikiliza. Ikiwa na mkwaruzo wowote, hata ule ambao mashine haikuunasa, alisema, "Hii irudi." Mafundi wakiifungua, walikuta kipete cha mpira kimekaa upande.

Alifanya hivyo miaka ishirini na sita, na hakuwahi kuzamia hata mara moja.

Si kwamba hakutaka. Mwaka wake wa kwanza, mwenye kiwanda, mzamiaji wa zamani aliyezunguka meza za kazi akiwa amevaa kandambili, aliwaahidi wafanyakazi wote kuwa oda kubwa ikikamilika atawapeleka kuzamia. Oda ikakamilika, ikaja nyingine, safari ikasogezwa. Mwishowe ikawa mzaha wa chai ya saa nne.

"Sikio, nguo ya kuogelea umeshanunua?"

"Ya kwanza imeliwa na panya. Nangoja ya pili."

Akacheka nao. Lakini nyumbani, akioga, alizamisha uso kwenye beseni na kufumbua macho.

Kisha mambo yakaenda kombo. Wateja walioagiza vali mia wakaagiza kumi, halafu wakanyamaza. Walikuwa wamepata za bei ya kutupa ng'ambo. Chai ikafutwa. Washona suti za mpira za kuzamia wakapunguzwa, cherehani zao zikafunikwa mashuka. Mishahara ikaja nusunusu, baadaye ikakatika kabisa. Mwenye kiwanda akauza gari, akauza na nyumba aliyorithi, na benki bado ikamfungia mlango.

Jumatatu moja asubuhi aliwakusanya kwenye chumba cha majaribio, maana ndicho pekee kilichobaki na viti. Siku hiyo alivaa viatu. Walipoviona tu, wakajua.

"Nimehangaika mpaka nimeishiwa," alisema. "Kesho mfilisi anakuja kufunga milango. Mishahara yenu sina. Ila nimekubaliana naye kwa maandishi, kila mmoja wenu achague vitu ghalani, viwe fidia."

Hakuna aliyepiga kelele. Mchomeleaji, aliyekaa meza moja na Sikio tangu ujana wao, aliuliza tu, "Na wewe mzee, utachukua nini?"

Mzee akalitazama tangi.

Wenzake walichagua vya kuuzika haraka: feni, mota, meza za chuma. Sikio alichukua suti ya saizi yake, miwani, mtungi, na vali aliyoipima mwenyewe.

Mumewe, fundi saa, alivikuta vimelazwa kwenye kochi kama mgeni aliyechoka.

"Mama watoto, hivi ndivyo tutakavyokula?"

"Haviliwi."

"Basi viuze."

"Nizamie kwanza. Mara moja tu. Ukitaka kunicheka, cheka sasa umalize."

Hakucheka. Alikuna kidevu. "Kwani unajua kuogelea?"

"Sijui."

"Makubwa haya," alisema. Wiki iliyofuata alimsindikiza mpaka bwawa la manispaa, akakaa pembeni na taulo begani.

Mwalimu wa uzamiaji, mwanamke mfupi aliyekuwa mteja wa kiwanda, alikataa kumtoza. Majuma matano yalikwenda katika kujifunza kuelea, kupiga miguu na kumeza maji yenye dawa. Juma la sita akashuka hadi kwenye vigae vya chini. Akapiga magoti, akavuta pumzi.

Sauti aliyoisikiliza kwa nje miaka yote sasa ilikuwa ndani ya kichwa chake. Mapovu yalimpita masikioni yakipanda. Alikuwa ametarajia furaha, na furaha ikaja kweli, lakini ilikuja na chumba kizima: harufu ya mpira mpya, feni inayolialia, mchomeleaji akiimba nyimbo asizojua maneno yake. Alitamani kugeuka amwambie mtu, "Hii nzima, ipite." Hapakuwa na wa kumwambia. Miwani ikaanza kujaa machozi kwa ndani. Akamwashiria mwalimu kuwa yuko salama, akabaki pale pale mpaka hewa ikakaribia kwisha.

"Vipi?" mumewe aliuliza, akimfunika taulo.

"Nimewakumbuka."

Hakumuuliza akina nani.

Vile vifaa havikuuzwa. Mwalimu alimpa kazi ya siku mbili kwa wiki, kutengeneza vali za wanafunzi wake, peke yake katika kichumba nyuma ya bwawa. Jengo la kiwanda likapangishwa kwa wauza magodoro. Sikio hupita mbele yake mara kwa mara, ingawa si njia yake.

Majuzi mchomeleaji alimpigia simu kutoka mji mwingine, anakotengeneza mageti. Hakuwa na shida yoyote. Walizungumza habari za magoti yanayouma na wajukuu.

"Huku watu wanaanza kazi bila hata kusalimiana, dada," alisema.

"Afadhali wewe una wa kukunyima salamu, kaka."

Wakacheka, kisha kila mmoja akabaki akimsikia mwenzake akipumua. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kukata simu, mpaka salio la mchomeleaji likaisha.