Saa ya Baba Yenye Kichwa cha Kombora

Wanunuzi wa vyuma chakavu hawachagui. Nimeshawaona wakipima hata sufuria yenye ukoko. Kwa hiyo yule aliyeingia sebuleni kwa mama, kijijini Nshamba, kuchukua fremu ya baiskeli, alipoiona saa ya marehemu baba juu ya kabati na kuanza kurudi kinyumenyume, nilijua kuna jambo.

"Mama, hiyo mimi siisogelei," alisema. Akaondoka bila hata fremu yake.

Mama alicheka. Mimi sikucheka. Mimi ni mwoga na sioni haya kusema. Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio.

Saa ile baba aliitengeneza mwenyewe. Alikuwa fundi saa, na vita vya Kagera vilipokwisha alirudi na kombora la shaba ambalo halikuwahi kupigwa. Alilichomoa ganda, akamwaga baruti, akatoboa tundu ubavuni na kupachika humo saa ya mezani. Kisha akakirudisha juu kile kichwa chenye ncha, maana bila hicho, alisema, ingefanana na kopo. Tulikua tukiisikia ikigonga, na wageni waliisifu kuliko walivyotusifu sisi watoto.

Tangu yule mnunuzi aondoke sikukanyaga tena sebuleni. Chai nilinywea uani, nikiwa nimeupa mgongo ukuta wa jikoni, na kila mama alipoingia ndani nilimwita atoke.

"Mae, twende kwangu Nyanga mpaka waje watu wa kuitazama," nilimsihi.

"Kibanja na migomba yangu nimwachie nani? Tata yako ameishi nayo mpaka amekufa kwa kisukari. Hiyo ni saa, waitu."

Nilimkasirikia mpaka nikatamani kumbeba mgongoni kama mtoto. Badala yake nikaenda kwa mwenyekiti wa kijiji, naye akapiga simu polisi. Kesho yake wakaja wanajeshi wa mabomu. Mkubwa wao aliingia ndani, na mama akamkaribisha kahawa za kutafuna kama mgeni mwingine yeyote.

Aliizunguka saa bila kuigusa. Akamulika tochi kwenye lile tundu, akasema ganda ni tupu. Nikapumua.

"Na hiki kichwa, mzee aliwahi kukifungua?"

Hatukujua. Aliinama akakitazama kwa muda mrefu, na nikaona jasho linamtoka.

"Ikisimama huwa mnafanyaje?" aliuliza.

"Naiamsha," mama alisema. "Naipiga kofi kichwani. Hivi."

Akanyanyua mkono.

Niliudaka ukiwa hewani. Nilimbana mama yangu mzazi mpaka akapiga ukelele, na hata hapo sikumwachia. Mwanajeshi, mtu aliyesomea mambo haya, alikuwa ameshajikunja sakafuni na mikono kichwani. Aliinuka taratibu.

"Tokeni nje," alisema. "Msikimbie. Tokeni tu."

Tulingoja barabarani pamoja na majirani, mbali na nyumba. Wanajeshi waliibeba ndani ya sanduku la mchanga hadi bondeni, nyuma ya migomba ya mwisho, wailipulie huko. Hata baada ya kuonywa, mlipuko ule ulinitoa machozi. Mabati ya maduka yalitetemeka, na mbwa wa kijiji kizima wakaanza kubweka.

Mama, aliyekuwa akinicheka muda wote, alikaa chini vumbini na kitenge chake cha kanisani. Nilidhani anaililia saa ya mumewe, nikaanza kumpa pole.

"Wajukuu," alisema. "Kila anayekuja likizo namnyanyua na yeye aipige. Wanagombania zamu. Wote wameipiga."

Nilimwambia wote wazima, wako shuleni, wako kwao, hakuna aliyeumia. Nadhani hakunisikia. Alinishika mkono wenye simu kwa vidole vya baridi.

"Wapigie," alisema. "Mmoja mmoja. Nataka niwasikie."