Tikisa Simu Yako

Karani wa mapokezi pale kliniki ya meno hana dogo. Mgonjwa akichelewa hata kidogo humrudisha nyumbani na shavu lake limevimba vilevile, huku kalamu yake ikigonga meza kama anapigilia misumari. Mwenyewe anajijua, ndiyo maana aliweka kwenye simu ile programu ya hekima za Kibudha, apoze moyo. Simu ilipokufa, alimganda fundi wa kompyuta mpaka akamwekea programu ileile kwenye kompyuta ya ofisi, na picha ya simu ikatokea katikati ya skrini. "Tikisa simu yako upate neno la leo," ikaandika. Karani akaikumbatia skrini kwa mikono miwili akaitikisa, nyaya zikarukaruka. Fundi alicheka mpaka akakaa chini, kisha akamwonyesha kitufe cha kubofya. "Nimekiona, mwanangu," karani akasema. Tangu siku hiyo hubofya, halafu hutikisa vilevile.

Jana, fundi akiwa chini ya meza anakaza waya, mzee mmoja aliingia anahema, kachelewa, anafoka kabla hajaulizwa. Fundi akajikunyata kungoja moto uwake. Kalamu ikagonga mara moja, ikanyamaza. Karani akamsogezea mzee skrini.

"Tikisa, baba."

Mzee akashangaa, lakini akatikisa. Karani akabofya. Neno likatokea: "Vuta pumzi. Bado hujachelewa."

Karani akaitazama saa ya ukutani, akaitazama skrini, akashusha mabega.

"Haya, mkubwa kashasema," akaielekezea skrini kidole, akamfungulia mlango. "Pita ndani."