Sauti ni yangu, lakini kwenye video anayeimba ni mdogo wangu

Admin, naomba usiweke jina langu wala la kundi letu, maana hapa Mwanza tutajulikana haraka. Mimi ni kijana wa miaka 24, naishi Buswelu na mama yangu na mdogo wangu wa kiume. Naimba kwenye kundi la vijana wanne. Wimbo wetu wa kwanza huenda mmeusikia, unapigwa sana kwenye harusi na saluni za huku. Kile kiitikio mnachokipenda ni sauti yangu. Ila kwenye video hamnioni, na aibu ya jambo hilo imeninyima raha kabisa.

Meno yangu ni ya kahawia. Siyo uchafu, napiga mswaki kuwashinda wengi wenu. Ni maji ya kisima cha kijijini nilikozaliwa, ndani huko Usukumani. Kule karibu kila mtu ana meno hayo, na mama yangu anayo. Tulihamia Buswelu nikiwa na miaka saba, mdogo wangu akiwa bado ananyonya, ndiyo maana ya kwake ni meupe.

Siku ya kushuti tulikuwa kwenye mawe ya ufukweni Ilemela, nimevaa shati jeupe la kuazima. Dairekta alirudia kipande changu weee, akawa anaangalia kamera yake, mwisho akaniita pembeni. Hakunitukana. Aliniambia, "Dogo, ukifunga mdomo umependeza sana. Sasa wewe ndiyo mwimbaji, utaimbaje umefunga mdomo?"

Wenzangu wakajifanya wanaangalia ziwa. Hakuna aliyenifukuza, hilo naomba nilikiri. Ni mimi mwenyewe niliyempigia simu mdogo wangu aje, nikavua lile shati nikamvalisha, nikamfundisha kufuatisha mdomo. Nikarudi nyumbani nimevaa fulana yake.

Video ikatoka, ikapendwa. Mama hakujua lolote. Jumamosi moja wanawake wa jumuiya walikuja kusali kwetu, walipomaliza akaniambia niwawekee wimbo wa mwanawe kwenye TV. Wakaangalia. Mama akauliza mbele yao mbona sauti ni yangu na mdomo ni wa mdogo wangu. Nikadanganya kwamba siku hiyo nilikuwa naumwa. Jirani mmoja akacheka, akasema hao wa video wameyakimbia meno ya kwenu. Wote wakacheka, mama naye akacheka, halafu nikamwona anavuta kitenge anajifunika mdomo. Mama yangu akicheka nyumba ya tatu wanasikia. Sijawahi kumwona akijifunika, na tangu siku ile anajifunika hata akiongea na wateja wake wa dagaa.

Sasa tumealikwa Nansio, kule kisiwani, Jumamosi hii, na safari hii ni kuimba kweli jukwaani. Wenzangu wamepanga mdogo wangu asimame mbele, mimi niimbe nyuma ya pazia. Wanasema nikijitokeza tutaitwa matapeli na kundi litakufa na wimbo mmoja. Mdogo wangu hataki. Ameniambia watu wanamsifia njiani kwa sauti isiyo yake na anaona haya kuliko mimi. Nami nisiwafiche, hata kama wangeniruhusu, naogopa kufungua mdomo mbele ya simu zote zile.

Juzi mama alinikuta napiga pasi nguo za safari. Ana dada yake Nansio, na tangu tulipoalikwa alikuwa anasema tutakwenda wote. Akakaa kitandani, akaniuliza taratibu, "Baba, nikija nitawaharibia? Niambie tu. Nitakaa nyuma kabisa, sitacheka."

Nikaendelea kupiga pasi shati lililokwisha kunyooka, na yeye akasubiri kidogo, akaondoka.

Meli yetu ni Ijumaa. Nishaurini ndugu zangu, nimwambie nini mama yangu, na pale Nansio nisimame wapi?