Viraka vya Wifi

Wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, kiwandani wanamwita Mama Viraka, na jina hilo analipenda kuliko alilopewa na wazazi wake. Kiwanda chetu ni cha plaiwudi, kimepakana ukuta na wale wanaokamua alizeti. Gogo huingizwa kwenye mashine, likamenywa kama chungwa mpaka likatoa karatasi pana za mbao nyembamba. Palipokuwa na kifundo cha tawi hubaki tundu. Karatasi yenye tundu huishia tanurini, isipokuwa itiwe kiraka cha mbao kwa gundi. Hapo ndipo sisi wanawake wa meza ya viraka tunapopata riziki.

Mimi alinileta yeye. Mume wangu alipoachishwa kazi nilikaa nyumbani nimeshika tama, wifi akaja, hakutoa pole wala nini. "Utakaa hapo mpaka lini? Kesho vaa viatu vya kufunika, twende." Wahenga walisema mgeni apewe jembe siku ya tatu, mimi nilipewa asubuhi ileile. Alinifundisha kuchagua kiraka ambacho nyuzi zake zinafuatana na nyuzi za karatasi, na kila nilipokosea alinifokea mbele za watu. Nilikuwa namchukia mpaka saa ya chakula, kisha ananimegea chakula chake, nami nakula.

Kitu kimoja hana mzaha nacho, nacho ni kutupa. Miti yetu hutoka kwa wakulima walioipanda pembezoni mwa mashamba yao. "Mtu kalea mti miaka yote hiyo kama mtoto wa kumzaa," husema, "halafu wewe uutie motoni kwa tundu la ukubwa wa kifungo?"

Kisha macho yakaanza kumtupa mkono. Hakukiri. Alisema taa za kiwandani zimefifia, na sindano za siku hizi, anazoshonea nguo nyumbani, zimetobolewa na wavivu. Viraka vyake vikawa vinakaa upande, mkaguzi akawa anarudisha karatasi. Wifi ni mjane, watoto wake bado wanasoma, na meza ile ndiyo iliyokuwa ikiwalisha. Tukakubaliana mezani bila kuitisha kikao. Mimi ndiye ninayegawa marundo, basi nikawa nampa zenye tundu moja, tena dogo, na zile zilizotobokatoboka tukagawana wenyewe. Alipojisifu kwamba anatuacha mbali kwa kasi, tuliinamisha vichwa.

Ndipo likatoka tangazo: kila mtu wa viraka apimwe macho. Wifi aliacha kula.

"Wakinitoa hapa, wanangu nitawapeleka wapi?" aliniuliza kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Sikuwahi kumwona akiogopa, na mimi nikaogopa zaidi yake.

Basi kila aliyetoka kupimwa alirudi na mstari wa herufi kichwani, nasi tukamkaririsha wifi kama kasuku huku tunakata viraka.

Zamu yake ilipofika nilimsindikiza. Muuguzi alimkalisha kitini, akageuka kuchukua ubao wa herufi. Wifi, kwa woga, akaanza kusoma. Aliteremka mstari kwa mstari bila kujikwaa, hadi wa mwisho kabisa. Ubao ulikuwa ungali mikononi mwa muuguzi, herufi zikitazama ukuta.

"Mama," muuguzi akasema, "kumbe unaona hadi nyuma ya ubao?"

Nilitamani ardhi inimeze. Wifi akaangua kilio. Muuguzi alicheka mpaka akakaa, kisha akamshika mkono. "Mama yangu, hapa hatutafuti wa kumfukuza. Tunatafuta wa kumpa miwani. Mficha maradhi, unajua mwenyewe yanayompata."

Muuguzi yule namwombea heri mpaka leo.

Miwani ilipokuja, wifi aliivaa, akaketi, akatazama rundo lake. Karatasi ya kwanza, tundu moja. Ya pili, tundu moja. Akatazama rundo langu, lililotoboka kama chujio, halafu la jirani yangu, halafu la yule wa mwisho. Mashine zilikuwa zinanguruma.

"Tangu lini?" akauliza.

"Tangu ulipoanza kulaumu taa, wifi," nikajibu, nikisubiri kufokewa.

Alivua miwani akaifuta kwa upindo wa gauni. Akaifuta tena, na wala haikuwa na vumbi. "Nami nilijiona hodari," akasema. "Kumbe mlikuwa mmenibeba mgongoni. Asanteni, wadogo zangu."

Hakuwahi kutuita hivyo. Nilitaka kumwambia kwamba aliyeanza kubeba ni yeye, ila alikwisha kuvaa miwani tena.

Akanyoosha mkono, akachomoa kwenye rundo langu karatasi mbovu kuliko zote, akaiweka mbele yake. Kisha akainamia ile niliyokuwa nimeimaliza asubuhi.

"Na hiki nani kakiweka? Kimelala upande. Kibandue."

Nikakibandua, huku nacheka na machozi yananitoka.