Redio Isiyotangaza Vifo

Gari ni la mwanangu, lakini kiti cha mbele ni changu. Hilo halina mjadala. Mke wake anakaa nyuma na mjukuu wangu, na mimi nakaa mbele, mkoba mapajani, naiona njia yote kutoka kwetu Al Nahda mpaka Al Mankhool, huku Uarabuni tunakoishi, kila Ijumaa tunapokwenda kula kwa binti yangu. Kwa hiyo lilipokuja gari jipya na redio yake ya kulipia, na miezi ya kuionja bure ikakaribia kwisha, mwanangu aliniuliza mimi kwanza. Tuilipie, Mama, au tuiache? Wewe ndiye unayekaa nayo uso kwa uso.

Nilifurahi kuulizwa. Siku hizi siulizwi mengi. Siulizwi kabati likae wapi, siulizwi mtoto asome skuli gani. Naulizwa kama nimemeza dawa.

Alinieleza kuwa redio hiyo haishiki kutoka kwenye minara ya mjini kama redio za kawaida. Inashika kutoka kwenye setilaiti, huko juu, kwa hiyo hata ukiingia jangwani inakufuata. Na chaneli zake hazihesabiki. Iko ya mtu mmoja anayeimba peke yake kutwa kucha. Iko ya wanaume wanaogombana juu ya mpira. Iko moja, wallahi siongopi, ya kuwatuliza mbwa walioachwa peke yao nyumbani. Mjukuu wangu alikuwa na yake ya nyimbo za Kikorea, na mama yake na yake ya kufundisha watu kupunguza mwili, ambayo hadi leo sijaona faida yake.

Mimi nikauliza swali moja tu. Vifo vinatangazwa saa ngapi?

Wakacheka gari zima.

Haya, nieleze, maana hata wewe unayesoma pengine unacheka. Kwetu Unguja redio ni kitu cha vifo. Nyimbo zipo na habari zipo, lakini sauti ya mtangazaji ikishuka tu, nyumba nzima inanyamaza, hata anayekuna nazi anasita. Linatajwa jina la marehemu, wanatajwa watoto wake na ndugu zake, wanasema maziko ni wapi na saa ngapi, kisha wanasema jamaa wote popote walipo wapate habari hizi. Popote walipo. Nilipoletwa huku nikiwa bibi harusi, nisiyejua hata kusema maji kwa Kiarabu, nilikuwa mimi ndiye huyo wa popote. Marehemu mume wangu alikuwa na redio ya mawimbi mafupi, ameifunga waya mrefu mpaka kwenye kamba ya nguo, na jioni ikikoroma na kukohoa tunaisogelea wawili, na katikati ya kukohoa tunalidaka jina. Hivyo ndivyo nilivyojua kifo cha bibi yangu. Hivyo ndivyo nilivyojua kifo cha mwalimu wangu wa chuo cha Qurani. Nikalia siku ile ile, pamoja na wenzangu waliokuwa wanalia kule. Redio ile haikuniuliza hata siku moja presha yangu ni ngapi.

Siku hizi habari zote za nyumbani zinaingia kwenye simu ya mwanangu. Yangu ina herufi kama sisimizi, na mimi elimu yangu ni chuo na madarasa manne. Kundi la ukoo waliniingiza, kisha wakanitoa, wakasema linajaza simu. Sawa. Lakini nilipoambiwa kuna redio inashuka kutoka mbinguni, nikasema basi hii ndiyo yangu. Kwani mbingu ya Unguja ni nyingine?

Ijumaa moja tuko kwenye foleni ya magari yanayotoka Sharjah, hatuendi mbele wala nyuma, kampuni ya redio ikapiga simu. Sauti ya msichana ikajaa ndani ya gari. Mwanangu akamwambia aseme Kiarabu, kwa sababu mwenye uamuzi ni mama yake. Kiarabu changu ni cha kununulia samaki, lakini kinafika.

"Binti yangu," nikamwambia, "vifo viko chaneli ya ngapi?"

"Vifo, khala?" Khala kwao ni mama mdogo, ndivyo wanavyotuita sisi watu wazima.

"Waliokufa."

"Nani kafa, khala?"

"Hicho ndicho ninachokuuliza wewe."

Nyuma mjukuu wangu ameuficha uso kwenye mkoba wa mama yake. Yule msichana, masikini, alikuwa na adabu. Akasema wanayo chaneli nzuri sana ya hadithi za kweli za watu waliouawa, watu wengi wanaipenda. Nikamwambia mimi sitaki waliouawa Marekani, nataka waliokufa Unguja kwa amri ya Mungu. Akasema hiyo hawana. Nikamwambia basi awaulize wakubwa wake waiongeze, nami nitamwambia mwanangu alipe leo leo. Si wanajisifu kuwa inashika popote?

Hapo mwanangu akachoka. Joto nje, foleni haisogei, mama yake anabishana na setilaiti.

"Mama, vifo vya nini?" akasema. "Lazima ujue kila anayekufa? Daktari kasema usishtuliwe, na sisi tunajitahidi, ndiyo maana hata ya shoga yako hatuku..."

Akajikata. Mkono wake ukabaki juu ya usukani.

"Ya shoga yangu nini?"

Nikageuka nyuma. Mkwe wangu alikuwa anatazama dirishani, na nje hapakuwa na cha kutazama ila lori.

"Khala?" akasema yule msichana kwenye redio. "Uko nami?"

Mwanangu akabonyeza pahala, sauti ikakatika. Foleni ilipolegea akaingia kituo cha petroli, akasimama pembeni ya mashine ya upepo, na pale pale, injini inaunguruma, akaniambia. Shoga yangu alikuwa amekufa Shaabani. Sisi tulikuwa tumeshafunga Ramadhani nzima, tumeshakula Iddi, na tumeshakuja kwenye mwezi mwingine.

Huyo shoga yangu, rafiki yangu wa tangu utoto, tulikaa mkeka mmoja chuoni. Tulishona kofia pamoja, mimi kipande cha juu na yeye cha ubavuni, na mafundi walikuwa wanasema hawaoni mkono mmoja ulipoishia na mwingine ulipoanzia. Nilipoolewa huku yeye ndiye aliyenifungia sanduku. Baada ya Iddi nilikuwa nimempelekea doti ya kanga kwa mtu aliyesafiri. Nilizichagua mwenyewe, nikazinusa, nikazikunja. Na mkwe wangu, huyu huyu aliyekuwa anatazama lori, ndiye aliyeniletea jibu jikoni: anashukuru sana, anakusalimu, kanga zimempendeza.

"Alizivalia wapi hata zikampendeza?" nikamuuliza.

Akaanza kulia. Sikumnyamazisha. Kwao mtu akiwa na presha anafichwa habari za msiba, najua, na hakufanya kwa ubaya. Lakini ubaya ukifanywa kwa mapenzi haugeuki wema. Walikaa mezani na mimi, wakanisikia nikisimulia vituko vya shoga yangu, wakacheka nami, na mtu yuko chini ya udongo. Na kilichoniuma kuliko kanga ni dua. Miezi yote ile, kila swala, nilimuombea afya. Mtu aliyekuwa anahitaji kuombewa rehema, mimi namuombea goti lipone.

Na wananificha nini, na kwa kunionea huruma gani? Watoto hawa wamesahau mimi ni nani. Miaka na miaka, akifa mwanamke wetu katika mji huu, aliyekuwa anaitwa kumuosha ni mimi. Nimeosha vikongwe, nimeosha mwari aliyekufa na mimba yake, nimeosha mtumishi wa nyumbani ambaye hakuwa na jamaa hata mmoja upande huu wa bahari, nikamlilia kama wangu. Macho ya baba yao niliyafumba kwa kiganja hiki. Maji ya maiti yamepita mikononi mwangu, sikuanguka. Leo naambiwa neno litaniangusha.

Nilimwambia ageuze gari. Kwa binti yangu hatukufika siku ile, naye alipopiga simu kusema wali unapoa, nikamuuliza na wewe ulijua? Alijua. Wote walijua. Hata mjukuu wangu alijua, ameapishwa asiseme, mtoto wa miaka kumi na moja anafundishwa kumtazama bibi yake usoni na kunyamaza. Hilo ndilo lililonipandisha hasira mpaka kichwani, na ningepimwa saa ile, mashine yao ya presha ingepasuka.

Alhamisi nilimsomea shoga yangu hitma pale nyumbani. Walikuja wanawake wa Mankhool, wakaja na wawili wa International City waliobadilisha basi mara mbili kwa ajili yangu, na tukakaa chini kwa sababu viti havikutosha. Nilililia jina lake kwa sauti. Mwanangu alikuwa kwenye ukumbi wa lifti na viatu vya wageni, hakujua aingie au asimame.

Siku ya tatu yake akaja chumbani kwangu, kakaa ukingoni mwa kitanda, anazungusha funguo za gari. Akaniambia ameilipia ile redio. Mwaka mzima. Na amenitafutia chaneli ya Qurani, nzuri, msomaji wa Makka, ataiweka iwe ya kwanza nikipanda tu.

Nilimtazama. Nikaona kweli anadhani ndicho nilichokuwa nakitaka. Nilikasirika tena upya, kwa sababu mtoto niliyemzaa mimi aliona ni rahisi kuninunulia mbingu nzima kuliko kunitazama na kuniambia fulani kafa.

"Irudishe," nikamwambia.

"Mama, nimeshalipa."

"Wapigie yule binti, mwambie khala kakataa. Qurani ninayo kifuani. Mimi nataka wewe unambie. Kwa mdomo wako, siku ile ile, kabla hawajazika."

"Na presha ikipanda?"

"Itapanda nikiwa najua kwa nini."

Akasema daktari. Nikamwambia daktari hamjui shoga yangu. Akasema hata yeye anaogopa, na hapo sauti yake ikawa ya utoto, akasema siku aliyonipigia simu nyumbani kuniambia baba kaanguka kazini hakuwahi kuisahau, jinsi nilivyonyamaza, hakujua kama niko hai upande wa pili. Nilimsikiliza. Sikujua kuwa amelibeba hilo. Lakini sikulegeza. Nilimwambia mimi siku ile nilinyamaza kwa sababu nilikuwa natafuta viatu.

Redio wakaizima. Mjukuu alinuna wiki mbili kwa ajili ya Wakorea wake, kisha akapata kuwasikiliza kwenye simu, bure, kama dunia nzima.

Sasa mwezi uliopita, baada ya Alasiri, mwanangu akarudi mapema kutoka kazini. Sikumsikia akivua viatu. Akaingia chumbani kwangu moja kwa moja na mashine ya presha mkononi, akapiga magoti, akaanza kunifunga kile kitambaa mkononi bila hata salamu. Kinajaa upepo, kinanibana, na yeye anaitazama namba haitazami sura yangu.

Nikamwambia kama ni kupima apime, na kama ni kusema aseme, lakini asinifunge mkono kama mbuzi wa kuchinjwa.

Mke wake alisimama mlangoni na glasi ya maji. Akamtikisia kichwa. Nilimuona. Sijui alimaanisha asiseme au aseme.

"Mama," akasema mwanangu. Akaufungua ule mkanda, ukalia kraa. Macho yake yalikuwa mekundu. "Kaka yako wa Wete. Asubuhi hii."

Innalillahi. Nilikaa. Kaka yangu wa baba mmoja, aliyehamia kisiwa cha pili, aliyenifundisha kuogelea kwa kunitupa majini, na mama yangu akamfukuza na mwiko. Nilipata kulia, na nililia, na mwanangu hakuniachia mkono, na wala sikufa, kama mnavyoona.

Nilipofuta uso nikamuuliza kafa kwa nini. Hakujua. Nikamuuliza nani anamuosha, na maziko ni baada ya swala ipi, Magharibi au kesho. Hilo pia hakujua, alikuwa amekimbilia nyumbani tu kuja kusema. Nikamwambia habari nusu si habari, apige simu Wete aulize vizuri. Akainuka kwenda kupigia sebuleni. Nikamwambia hapana, akae hapa hapa, aipigie mbele yangu, na aiweke sauti juu.