Nilivyonunua baiskeli ya kike ya kupanda mlima wa shule, na ndugu yangu akaacha kunisalimia

Wakuu, nawasalimu wote, wa mjini na wa mashambani. Mimi huwa nasoma humu nikipita tu, kuandika ni mara chache. Leo nimeketi niandike moja, na ni mambo yaliyonipata mimi mwenyewe. Sitaongeza chumvi.

Wiki hii kulikuwa na uzi wa kijana anatafuta electric bike ya bei nafuu, ile fremu yake imeshuka chini unaingia bila kurusha mguu, ya kwenda job kwa njia ya milima. Wengi mlimjibu vizuri. Wengine mkamwambia hiyo ni ya wamama.

Sina ubaya na mtu. Lakini mimi nilipanda fremu kama hiyo, isiyo na stima, miaka mingi, na mimi ni mwanaume.

Ilikuwa miaka ya themanini. Nilikuwa mwalimu wa primary upande wa Matiliku, Makueni. Nyumbani kwetu ni bondeni karibu na mto, shule iko juu huko milima ya Nzaui inakoanzia. Anayejua hiyo barabara anajua ni udongo mwekundu na vijiwe vinavyoteleza chini ya gurudumu. Asubuhi unapanda, jioni unashuka.

Nilikuwa na black mamba, ile baiskeli nyeusi nzito ya kiume, kama walimu wengi wa wakati huo. Nilikuwa naipanda bila shida, nimebeba na vitabu vya darasa zima kwa keria.

Halafu nikaumia.

Kanisa letu lilikuwa linajenga. Harambee ilifanywa, tukapata lori la kubeba mawe ya msingi. Mwenyekiti wa kamati alikuwa ndugu yangu mkubwa, Kioko. Siku hiyo watu walikuwa wachache, kwa hivyo tuliopatikana tulipakia, na wakati wa kurudi tukakaa juu ya mawe. Kioko alikuwa mbele na dereva.

Kwa kona moja mawe yalihama. Sikuruka, sikupata hata nafasi ya kuruka. Nilijikuta chini na jiwe limenilalia kwa nyonga.

Nililazwa hospitali miezi mingi, mguu umefungwa kwa kamba na uzito unaning'inia. Nilipotoka nilikuwa natembea na fimbo. Daktari aliniambia polepole, kwa heshima, kwamba mguu wa kulia utasukuma mbele na nyuma, lakini kwenda kando hautaenda tena.

Sikuelewa maana yake mpaka nilipofika nyumbani nikaona ile black mamba.

Wakuu, jaribuni kupanda baiskeli ya kiume bila kupeleka mguu kando. Haiwezekani. Ile bomba ya juu inakaa pale kama mlango umefungwa.

Kutembea hadi shule sikuweza. Kuhamia karibu na shule pia sikuweza, kwa sababu mama yetu alikuwa haoni tena, na alikuwa anaishi na sisi. Mwalimu mkuu alinivumilia term moja, nikifika kwa kuchelewa kwa lifti za watu. Halafu akaniita akaniambia, "Mwalimu, mimi nakuelewa. Lakini kwa ofisi ya elimu wanauliza kwa nini darasa lako linakaa peke yake asubuhi. Wakiniuliza tena, sitakuwa na jibu."

Nilijua maana yake. Watanistaafisha kwa ugonjwa, na bado nilikuwa kijana.

Kioko alikuja siku moja ameshika ile black mamba yangu. Alikuwa ameipaka mafuta, ameteremsha kiti, amefunga mipira mipya ya pedali. Aliisimamisha kwa ukuta na hakutaka chai.

"Utapanda kutoka kwa jiwe," akasema. "Utazoea. Mwanaume huzoea."

Nilifanya hivyo. Kulikuwa na jiwe kubwa karibu na choo, nikawa nasimama juu yake na kujisukuma hadi kwa kiti. Kwenda nilienda. Kazi ilikuwa kusimama.

Siku ya pili, nikiteremka kutoka shule, mbuzi waliingia barabarani. Nilishika breki, baiskeli ikasimama, na mimi sikuwa na mguu wa kuweka chini. Nikaanguka upande ule mbovu, baiskeli juu yangu. Nililala hapo nikiangalia spoku zinazunguka mpaka mama mmoja aliyebeba kuni akaweka mzigo wake chini, akanitolea ile baiskeli. Aliokota vitabu vyangu akavipanguza na leso yake.

Nilifika nyumbani nikamwambia mke wangu kwamba nitaacha kazi.

Mke wangu ni mtu wa Matinyani, huko Kitui. Anaitwa Ndinda, lakini mimi humwita Mama Mwende kwa jina la msichana wetu wa kwanza. Huko kwao alijifunza baiskeli akiwa mdogo, kwa kuiba ya baba yake na kupitisha mguu katikati ya fremu kwa sababu hakuwa anafika kwa kiti.

Alinisikiliza akiendelea kuchambua maharagwe. Halafu akasema, "Baba Mwende, kuna baiskeli za wanawake."

Nikaweka fimbo yangu chini.

"Hiyo bomba ya juu hazina. Unaingia tu kama unaingia kwa mlango."

Nikamwambia watu watacheka.

Akasema, "Tutasema ni yangu."

Tuliuza mbuzi, na siku ya soko tukaenda Emali. Huko kulikuwa na duka la Msomali mmoja, Mzee Abdi, ambaye watu wake walitoka upande wa kaskazini mashariki kufanya biashara ya ng'ombe, yeye akabaki na vyuma. Alikuwa anauza baiskeli, sufuria, misumari na kamba.

Alikuwa na baiskeli tatu za kike. Moja ilikuwa mpya, nyepesi, nyekundu, nzuri sana ya macho. Ya pili ilikuwa ya mkono wa pili, mtawa fulani wa mission aliiacha akirudi kwao, nayo ilikuwa na gear ndani ya gurudumu la nyuma. Ya tatu ilikuwa nzito, rangi ya majani, haina urembo wowote.

Mimi nilikuwa naiangalia ile ya gear. Nilifikiria mlima.

Mzee Abdi alikuwa ameona vile ninatembea. Hakuuliza nilipatwa na nini. Aliuliza, "Mwalimu, huko unakoenda, ukichoka katikati ya mlima unafanya nini?"

"Nashuka nasukuma."

"Basi shuka, nikuone."

Alinipeleka uani nyuma ya duka. Nikapanda ile nyekundu, nikashuka. "Panda tena. Shuka tena." Nikapanda ile ya mtawa, nikapanda ile ya kijani. Jasho lilinitoka. Nilikuwa nasikia aibu, mtu mzima anajifunza kushuka baiskeli mbele ya mke wake.

Lakini nilianza kuona kitu. Ile nyekundu fremu ilikuwa imeshuka kidogo tu, mguu wangu uligonga. Ile ya gear ilikuwa imeshuka vizuri, lakini kiti hakikuweza kuteremka zaidi, na vidole tu ndivyo vilifika chini. Ile ya kijani niliweka miguu yote miwili chini, nyayo nzima. Nilikuwa sijasimama hivyo juu ya baiskeli tangu niumie.

"Na gear?" nikauliza.

Mzee Abdi akasema, "Gear ni nzuri. Ikiharibika, hapa Emali sina spare, na sikudanganyi. Hii nzito fundi wangu ataitia sprocket kubwa nyuma, ile chuma ya meno inayoshika mnyororo. Utaenda polepole kama ng'ombe anarudi nyumbani, lakini utafika juu."

Mama Mwende aliomba aijaribu. Alikunja leso akazunguka nayo ule uwanja mara kadhaa, akashika breki ghafla, akaangalia kama gurudumu linateleza. Halafu akaniambia kwa Kikamba kwamba ni hiyo.

Bei tuliongea, ikakubalika. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi rahisi kuliko zote.

Jioni tulipofika, Kioko alikuwa amekaa na mama nje ya nyumba. Akaangalia ile baiskeli muda mrefu.

"Ni ya nani?"

"Ni yangu," Mama Mwende akasema.

Sijui ni nini kilinishika. Labda ni vile nilivyomwona amechoka, vumbi mpaka kwa nyusi, bado ananibebea na aibu yangu pia. Nikasema, "Ni yangu. Ni mimi nitaipanda kwenda shule."

Kioko akasimama. "Irudishe."

"Siirudishi."

"Basi usipite nayo kwangu."

Mama akauliza kuna nini. Kioko alikuwa ameshaondoka.

Sasa mjue kwamba njia ya shule inapita mlangoni kwa Kioko. Niliheshimu neno lake, kwa sababu ni mkubwa wangu. Nikawa nazunguka kwa mto, kwenye mchanga, nasukuma baiskeli na hii nyonga, halafu natokea mbele kwa barabara. Ilikuwa inaniongezea safari na maumivu. Lakini nilikuwa nafika assembly.

Watu walicheka, ndiyo. Pale Matiliku kulikuwa na wanaume wa kukaa kwa veranda ya duka, wakaniuliza kama nimeacha leso nyumbani. Wanafunzi walicheka wiki ya kwanza, wakasahau. Watu wazima ndio walichelewa kusahau.

Kicheko nilikizoea. Kilichoniuma ni Kioko. Alikuwa hanisalimii. Kanisani alikuwa anakaa upande ule mwingine. Akija kumwona mama, anakuja nikiwa shule. Nilimhesabu kuwa ndugu anayeona aibu na mimi kwa sababu nimelemaa, na hiyo inauma kuliko mfupa.

Ikaja mvua ya mwezi wa kumi na moja. Asubuhi moja mto ulishuka umejaa, maji mekundu toka ukingo hadi ukingo. Ile njia yangu ya mchanga haikuwepo tena. Kulikuwa na njia moja tu.

Kioko alikuwa amesimama mlangoni kwake na gunia kichwani kwa sababu ya mvua. Nikamsalimia. Hakujibu. Nikapita.

Mbele ya kwake ndipo mlima unapoanza kuwa mkali. Kulikuwa na matope. Gurudumu la nyuma likazunguka hapo hapo, baiskeli ikaanza kurudi. Niliweka miguu yote chini, nikashika breki, nikabaki nimesimama katikati ya barabara, siwezi kwenda wala kurudi.

Halafu nikasikia baiskeli inasogea.

Niligeuza kichwa. Kioko alikuwa ameinama, mikono miwili kwa keria, miguu mitupu ndani ya matope, anasukuma. Hakuniangalia. Nikaweka miguu kwa pedali. Tulipanda hivyo, mimi nikikanyaga, yeye akisukuma, mpaka juu kabisa ambapo barabara inalala.

Hapo akaachilia. Alikuwa anahema. Nikateremka kwa heshima, nikasimama.

Akasema, "Mwanaa mwaitu." Hivyo ndivyo sisi Wakamba tunamwita mtoto wa mama mmoja, na alikuwa hajaniita hivyo tangu nitoke hospitali.

Akasema, "Siku ile ulikuwa umekaa na chai yako. Mimi ndiye nilikuja kukuita. Ulisema umechoka, nikakuambia mawe hayatajipakia."

Nilikuwa nimeisahau hiyo chai, kusema ukweli.

"Nilikaa mbele na dereva," akasema. "Wewe nikakuacha juu. Kila nikiona umeketi kwa hiyo baiskeli naona yale mawe. Nilitaka upande ile yako ya zamani. Ungepanda ile, ningejua umepona."

Mvua ilikuwa inanyesha na nilikuwa nimechelewa. Nilimwambia kile kilichokuja mdomoni. "Kioko, huu mguu nimeulilia. Lakini sijawahi hata siku moja kuuweka kwako."

Alilia. Mtu mkubwa, mwenyekiti wa kamati, na gunia kichwani. Mimi pia.

Halafu akasema, "Enda, watoto wanangoja."

Kuanzia hapo nilipita njia yangu. Asubuhi nyingi nilikuwa nampata mlangoni amesimama, ananisukuma mpaka pale barabara inalala, anarudi kwa ng'ombe wake. Nilimwambia kwamba wakati wa kiangazi sprocket inatosha, si lazima. Akasema yeye anataka tu kunyoosha miguu. Siku moja tukiwa sokoni, mmoja wa wale wa veranda akaanza maneno ya leso. Kioko akamwambia, "Huyo ni ndugu yangu anaenda kazi. Wewe unaenda wapi?" Basi.

Nilifundisha mpaka nikastaafu kwa umri wangu, si kwa ugonjwa. Baiskeli ya kijani ilikatika fremu katika miaka ya tisini, tukanunua nyingine, pia ya kike, na hiyo Mama Mwende ndiye aliipanda zaidi.

Kioko tulimzika mwaka juzi. Alikufa kitandani kwake, akiwa na watoto wake, na jioni ile ya mwisho nilikuwa nimekaa naye tunaongea mambo ya mvua.

Masomo yangu ni mawili, na hayako sawa kwa uzito.

La kwanza, mnaochagua baiskeli ya mlima, ya stima au ya miguu: kila mtu atawauliza kama inapanda. Nyinyi jiulizeni mtasimama vipi. Ipande, ishuke, uipande tena, hapo hapo dukani, na usione aibu. Miguu yote ifike chini. Na uliza spare inapatikana wapi kabla hujapenda gear.

La pili, karibu mwaka mzima nilidhani ndugu yangu ananionea aibu, na yeye alidhani mimi namhesabia kosa. Tuliishi umbali wa kuitana na sauti. Hakuna aliyeuliza.

Ikiwa kuna mtu humu ambaye hasemezani na wa nyumbani kwao, na hajui kwa kweli ni kwa nini, aandike hapo chini. Nitasoma yote. Lakini ingekuwa heri uende kwake kwanza, halafu ndio urudi utuandikie.