Mukono wa Kapitene Malakiti

Leo minye, profesa wa bande desine, zile hadithi za picha, hapa Likasi, nimefungwa kinywa.

Tulikuwa kwa kinyozi. Katika namba mupya ya gazeti lake la picha, Kapitene Malakiti, yule mwenye mwili wa jiwe la kijani, amekatwa mukono. Vijana wanabishana: utaota tena ao hapana?

Nikasimama na sabuni usoni.

"Muniulize minye! Nimesoma namba zote, hata zenye hazifikake huku. Malakiti ni jiwe lenye linakomeaka, linakua, ndani ya udongo. Mwezi moja, mukono umerudi!"

Makofi.

Yaya Dido, mukubwa wetu, alikuwa anangoja zamu yake. Munamujua: shimo la mugodi wa Kakanda lilibaki na mukono wake wa kuume.

"Profesa, mbele ya mukono wa Kapitene kurudi, ule wenye haupo tena unamuwashaka?"



"Yangu inawasha sasa hivi," akasema. "Mu kiganja."

Sikujua kingine cha kufanya. Nikakuna hewa, chini ya mukono wa shati lake wenye umekunjwa.

"Chini kidogo, mudogo yangu."

Nikashuka.

"Hapo. Merci."

Hakuna mwenye alicheka. Mpaka sasa sisikie kitu mu roho, hata aibu.

Wenye munasoma Kapitene, muniambie: kesho Yaya Dido akiniuliza tena, nimujibu nini?